Mwoka pai aliyeacha shule ya bubu

Joensuu, Ufini. Alfajiri hii, katapila la theluji likiwa bado linanguruma mtaa wa pili, Heini amesimama ubavu kwenye meza ya unga. Tumbo la miezi minane halimruhusu tena kuikabili meza uso kwa uso. Mkono wa kushoto unashikilia duara jembamba la unga mweusi wa nafaka ya rai, wa kulia unamwaga uji mzito wa mchele katikati. Kisha vidole vinaanza kufinya ukingo, rinda baada ya rinda, mpaka pai inapata umbo la kiatu cha mtoto.

Mbele yake yuko Rauni, mwanamke wa miaka sitini na ushei, ambaye mdomo na vidole vyake huenda mwendo mmoja.

“We msichana, marinda yako leo yamekaa kama sketi ya mwalimu mkuu.”

“Hiyo sifa au tusi?”

“Inategemea mwalimu mkuu mwenyewe.”

Kwenye tanuri, Voitto, mwenye kiwanda, anachomoa trei na hasemi kitu. Hiyo ndiyo kawaida yake. Wanaomjua wanasema siku akisema maneno kumi, kuna mtu kafa au kodi imepanda.

Kiwanda hiki kidogo hupeleka sokoni pai zipatazo elfu mbili kila asubuhi. Heini, mwenye umri wa miaka thelathini na miwili, anapata yuro kumi na tatu na senti zake kwa saa. Anasema mshahara si wa kujivunia, lakini unga haujawahi kumgombeza.

Leo, hata hivyo, si pai zinazomsumbua. Akitoka hapa atakwenda kliniki ya wajawazito, na muuguzi atamwuliza jina la mtu atakayekaa naye katika chumba cha kujifungulia. Nafasi ni ya mtu mmoja. Baba wa mtoto, Jarkko, ameiomba, na Heini hajamjibu.

“Nikisema ndiyo, naogopa. Nikisema hapana, naogopa vilevile,” anasema bila kuinua macho. “Tofauti ni kwamba hapana sijawahi kuijaribu.”

Majina yote katika habari hii yamebadilishwa, ila la mbwa.

Heini alizaliwa Lieksa, mji mdogo wa kaskazini kando ya ziwa, akaja Joensuu kusomea uokaji. Alimpata Jarkko kwenye harusi ya rafiki. Jarkko huendesha lori la magogo, anajua kucheka, na alijua kumchekesha. Walikaa miaka minne bila makuu. Mimba waliitaka wote wawili, na siku kipimo kilipoonyesha mistari miwili, Jarkko alitoka nje akapiga honi ya lori mpaka jirani akafungua dirisha.

Mambo yalibadilika pale Heini alipoanza kuchoka. Alilala mapema. Alikataa kwenda kuvua samaki. Kahawa ilimtia kichefuchefu, kwa hiyo asubuhi hakuitia jikoni. Jarkko akanuna.

Wafini wana neno la mzaha kwa mtu anayemchunia mwenzake. Husema amemweka shule ya bubu. Hakuna nyumba isiyokuwa na aliyewahi kusoma huko siku moja au mbili. Mtu kanuna kwa ajili ya vyombo vichafu, kesho yake kahawa inachemka na maneno yanarudi kama yalivyoondoka. Ndiyo maana Heini alipompigia simu mama yake, Eila, na kumwambia Jarkko kamweka shule ya bubu, mama alicheka.

“Aliniambia baba yangu alikuwa na tawi la shule hiyo nyumbani kwetu,” Heini anakumbuka. “Na mimi nikacheka. Ni neno la kuchekesha.”

Shule ya Jarkko haikuwa na likizo. Angeweza kukaa wiki nzima bila kumsemesha mkewe, huku akizungumza vizuri tu na mbwa wao, Jeppe.

“Anakaa mezani, ananipa mgongo, anamwambia mbwa: ‘Jeppe, kuna mtu kaacha taa inawaka. Jeppe, kuna mtu anadhani mimba ni ugonjwa.’ Mbwa anamwangalia, ananiangalia. Hata yeye alikuwa hajui ajibu nini.”

Kuna kitendawili hapa, na anayetaka ajaribu: hakina mkono lakini kinasukuma, hakina mdomo lakini kinakemea, kikiingia chumbani watu wote wanakaa kando. Ukishindwa toa mji. Jibu ni kimya cha mtu anayejua kuwa unamwogopa.

Mkono nao haukuchelewa. Mwezi wa tano wa mimba Jarkko alimsukuma Heini kwenye fremu ya mlango wa bafu. Siku nyingine alimbana kifundo cha mkono hadi pakabaki alama, akitaka aone ameandikiana na nani kwenye simu. Kila baada ya tukio hakukuwa na ugomvi wala maneno. Alirudi kwenye kimya chake na mbwa wake.

“Nitasema jambo la ajabu,” anasema Heini. “Aliponisukuma nilipata nafuu. Angalau nilijua kosa langu lina ukubwa gani.”

Hakuliita ukatili. Ukatili, kwa alivyojua, ni ngumi na jicho jeusi, na yeye hakuwahi kupigwa ngumi. Alichojua ni kwamba hapati usingizi. Akisikia matairi juu ya changarawe, moyo ulimwenda mbio kabla hata gari halijasimama. Alisahau chumvi kwenye unga. Sanduku la nguo za mtoto ambalo serikali humpa kila mjamzito lilikuja na posta. Akalisukuma chini ya ngazi, na halikufunguliwa. Wanawake wengine kliniki walizungumza na matumbo yao. Yeye mtoto alipocheza aliona kama mtu anagonga mlango wa nyumba ya jirani.

“Nilifika mahali nikawa nafikiri wote wangepumzika nisipokuwapo. Mtoto angepata mama mwingine, asiyekosea. Sikulia. Lilikuja kama wazo la kawaida, kama kufikiri utapika nini.”

Kliniki alikwenda bila kukosa. Muuguzi wake, Outi, alimpima presha, mkojo na urefu wa tumbo, akamwuliza hali. Heini akajibu “vizuri tu”, kwa namna ileile ambayo Mswahili hujibu “sijambo” huku homa inamchoma.

“Vipimo vyake vilikuwa vizuri kweli,” anasema Outi. “Swali la ukatili tunamwuliza kila mama, na yeye niliuliza. Akasema hapana. Hakuwa anadanganya. Nilimwuliza kama anapigwa, naye alikuwa hapigwi.”

Kazini nako mambo yalikwenda kwa namna ambayo pengine ingewezekana Ufini peke yake. Heini alinyamaza, na wenzake wakamsifu.

Zamani alikuwa mtu wa kubishana na Rauni juu ya kila kitu, kuanzia siasa mpaka siagi. Vuli ile akaacha kubishana. Akaacha kucheka kwa sauti. Akaanza kusafisha mashine ambazo si zamu yake. Katika nchi ambako kumwacha mtu na kimya chake ni heshima, hakuna aliyemwuliza. Walimwona ametulia. Mimba, walisema, imemfaa.

Desemba, kwenye karamu ndogo ya Krismasi ya wafanyakazi, Voitto alisimama na glasi mkononi. Ukumbi mzima ukashtuka. Akasema kuwa mwaka huu anataka kumshukuru mfanyakazi mtulivu kuliko wote aliowahi kuwa nao, na wengine wamwige. Akaketi. Watu wakapiga makofi.

“Nilikwenda chooni nikafungulia maji,” anasema Heini. “Nilifikiri: basi Jarkko ana haki. Kumbe nikinyamaza nafaa.”

Voitto, alipoulizwa na mwandishi wa habari hii kuhusu hotuba ile, alifuta mikono kwenye aproni kwa muda mrefu. “Nilidhani ni amani,” alisema.

Rauni ana maelezo zaidi, kama ilivyo kawaida yake. “Mimi ni wa kabila la Wakarelia, sisi tunaongea mpaka na kijiko. Heini alipoacha kubishana mimi nilifurahi, nilipata masikio ya bure. Ningejuaje? Mtu anakusikiliza kutwa, unamwona mwerevu.”

Kilichofichua mambo ni koo.

Januari Voitto alipatwa na uvimbe wa koo, daktari akamkataza kusema kwa wiki nzima. Alikuja kazini kama kawaida. Kwa kuwa ni Voitto, wafanyakazi wengi hawakugundua kitu mpaka Jumatano.

Heini aligundua Jumatatu, dakika ileile aliyoingia. Alimwamkia Voitto, na Voitto, ambaye kwa kawaida humjibu kwa mguno, hakuguna.

Heini akaomba radhi. Voitto akapunga mkono kumaanisha hakuna neno. Yeye akaona anafukuzwa mbele ya tanuri. Akapanga upya trei zote. Akaosha mashine ya kukandia, akaosha na sakafu. Akarudi akaomba radhi tena. Vidole vikawa havishiki unga, marinda yakafumuka, uji ukamwagika tanurini ukaungua. Rauni alipogeuka, Heini hakuwapo mezani.

Alimkuta stoo, amekaa kati ya magunia.

“Unafanya nini huku?”

“Voitto kanikasirikia.”

“Voitto? Voitto alikasirika mara ya mwisho tulipofungwa hoki na Waswidi.”

“Hajaitikia salamu yangu.”

“Ana koo, binti. Daktari kamkataza kusema.”

“Nimepanga trei upya. Nimeosha mpaka chini ya mashine. Bado hasemi.”

Rauni anasema hapo alikosa neno, jambo ambalo familia yake haiamini hadi leo. Akavuta gunia, akakaa.

“Nyumbani nani hasemi?”

Heini aliangalia mlango kwanza. “Mimi nikikosea, hasemi.”

“Unakosea nini?”

“Sijui. Ndiyo kazi yangu, kujua.”

Voitto alikuwa amesimama mlangoni na mtu hakumwona. Aliingia hatua moja ndani, akashika koo lake, akasema kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta: “Sijakasirika.”

Neno hilo moja lilimrudisha Voitto kwa daktari. Heini anasema hakuwa amesikia mtu akilisema tangu kiangazi.

Mengine yalifuata bila kelele. Rauni alimpeleka kliniki kwa gari lake siku iyo hiyo, akabaki nje. Outi safari hii hakuuliza kama anapigwa. Aliuliza: ukichelewa kurudi nyumbani, huwa inakuwaje? Heini alianza kujibu, na zamu ya mama aliyefuata ilibidi ihamishiwe kwa muuguzi mwingine.

“Mtu anayeishi kwa kubahatisha hasira ya mwenzake hachoki mwili tu,” anaeleza Outi. “Halali vizuri, hali vizuri, anashtuka ovyo, furaha inakauka. Mtoto aliye tumboni anakuwa mgeni kwake. Anakuja hapa anasema ni mimba. Na mimba kweli huchosha, kwa hiyo anaamini yeye na tunaamini sisi.”

Daktari alimkuta Heini na sonona pamoja na hofu kali. Kabla ya wiki kwisha alikuwa katika nyumba salama, ambako mtu halipi kitu. Siku ya kwanza alilala mpaka jioni, wahudumu wakamwamsha ale supu. Baada ya hapo alipata chumba na jiko karibu na stesheni ya treni. Kila wiki hukaa na muuguzi wa afya ya akili, wakazungumza. Dawa hakuandikiwa; hilo, anasema Outi, huamuliwa kwa kila mama na hali yake.

Rauni humtania kwa lile neno la mzaha. “Vipi, shule umefuzu?”

“Nimeacha njiani.”

“Afadhali. Vyeti vyao havina kazi.”

Kupona hakuendi kwa mstari. Mwezi uliopita lori lilifunga breki karibu na soko, Heini akaangusha trei nzima barabarani. Kunguru wa mjini, kwa maelezo ya Rauni, walikula kama wako harusini. Zipo siku ambazo usingizi haupatikani. Na lipo jambo ambalo Heini anasema kwa sauti ya chini kuliko mengine.

“Watu wanadhani ukitoka umeacha kupenda. Mimi namkumbuka. Jeppe namkumbuka zaidi, lakini na yeye namkumbuka.”

Jarkko amejiunga na kikundi cha wanaume wanaojifunza kuacha ukatili. Ujumbe anaomtumia Heini ni wa adabu. Katika wa mwisho aliandika kuwa ni mtoto wake pia, na kwamba mwanaume asiyeona mtoto wake akizaliwa atabaki nje maisha yote. Mwandishi wa habari hii alimpigia simu kupata upande wake. Alisema hana la kusema.

Eila, mama yake Heini, yeye analo. Anapiga simu Heini akiwa anavua aproni, zamu ikiwa imekwisha.

“Mwanaume hubadilika akimwona mtoto,” sauti yake inasikika. “Baba yako alibadilika.”

“Alibadilikaje, mama?”

“Alianza kusema.”

“Alisema nini?”

Eila anafikiri. “Alisema mtoto analia sana.”

Wote wawili wanacheka, na simu inakwisha bila uamuzi.

Kliniki, jua la Machi limejaa dirishani na theluji ya paa inadondoka. Outi anapima tumbo, anasikiliza mapigo ya mtoto, anaridhika. Kisha anageukia kompyuta na kuuliza kama jina la msindikizaji limepatikana.

Heini hajibu swali hilo. Anauliza lake.

“Kule ndani, nikipiga kelele?”

“Piga. Wote hupiga.”

“Na nikinyamaza?”

“Aliye nawe atakuuliza. Ndiyo kazi yake.”

“Na nikiwa namwangalia usoni?”

“Unamwangalia kwa nini?”

“Kuona kama amekasirika.”

Outi anaacha kibodi. “Basi hutakuwa unajifungua, Heini. Utakuwa unamhudumia yeye.”

“Nitamwangalia,” anasema Heini. “Najijua. Hata akiwa amekuja na moyo safi, mimi nitamwangalia.”

Anatoa simu. Anaomba ruhusa apige akiwa palepale, mlango ukiwa umefungwa, na aweke spika ili awe na mashahidi wa kumsaidia asirudi nyuma. Jarkko anapokea mara moja. Nyuma yake injini ya lori inasikika.

“Jarkko, ni mimi. Chumbani nitaingia na Rauni. Mtoto akizaliwa utapigiwa simu.”

Hakuna jibu. Injini inazimwa. Sasa hakusikiki kitu kabisa, na mtu angeweza kudhani laini imekatika, lakini kwenye kioo cha simu sekunde zinaendelea kuhesabiwa. Heini anafungua mdomo. Rangi imempanda shingoni. Neno analotaka kusema linaonekana wazi, ni lile la kuomba radhi alilomwambia Voitto siku ile ya koo. Outi anaangalia dirishani, kwa heshima.

Heini anafunga mdomo. Anavuta pumzi, anaitoa.

“Nasikia umenyamaza,” anasema. “Mimi nilichotaka kusema nimesema. Nakata.”

Anakata. Outi anampima presha tena. Imepanda kidogo. Outi anasema leo inaruhusiwa.

Rauni anangoja garini, hita imewashwa na redio inasema peke yake. Anapopewa habari anashika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limesimama.

“Mimi? Mimi nikiona damu naongea.”

“Usipoona damu unaongea.”

“Nitawachosha wakunga.”

“Wachoshe. Nataka mtu ambaye nikimsikia najua yuko wapi.”

Heini atakuwa kwenye likizo ya uzazi kuanzia wiki ijayo. Baada ya hapo anataka kurudi kwenye meza ileile ya unga, lakini zamu ianze baada ya chekechea kufunguliwa. Voitto ameulizwa na ameitikia kwa kichwa, jambo ambalo kiwandani lina uzito wa mkataba. Kuhusu Jarkko na mtoto, watakaa na watu wa ustawi wa jamii kupanga watakavyoonana. Hajui itakuwaje. Anajua kutakuwa na mtu wa tatu chumbani.

Akiulizwa anataka nini kwa huyu anayekuja, hataji shule wala kazi.

“Nataka nyumbani kwangu mtu akikasirika aseme amekasirika. Basi.”

“Hata akiwa na miaka miwili?” anauliza Rauni, akirudisha gari nyuma bila kuangalia vizuri. “Alale chini dukani, apige mateke mbele ya watu?”

“Hasa huyo.”

“Atakuaibisha.”

“Aniaibishe,” anasema Heini, akiupitisha mkanda wa gari chini ya tumbo. “Nitajua ana nini.”